Kabla Hujajipaka Udongo: Mwongozo wa Anayeanza Nairobi

Maswali ni yaleyale. Ninunue udongo gani? Nichanganye na nini? Mbona uso umekuwa mwekundu kama nyanya? Ile odowa ya soko la Gikomba, yale mawe laini ya kutafuna, siwezi kuisaga nikajipaka? Binamu yangu ameuliza, wenzangu kazini wameuliza, na juzi mama mboga wetu aliacha kukatakata sukuma wiki akaniuliza kisu kikiwa bado mkononi. Nimeamua kuyajibu yote mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia haya maandishi, mimi niendelee na chai yangu.

Kwanza jambo ambalo wauzaji hawapendi kulisema: udongo ni kisafishaji, basi. Unanyonya mafuta, jasho na uchafu ulio juu ya ngozi, kisha unauosha vyote vinaondoka pamoja. Habari ya kwamba unavuta sumu kutoka kwenye damu usiiamini. Kazi hiyo ina wenyewe, ini na figo. Haufuti makovu ya chunusi na haukufanyi uwe mweupe. Ukiutumia kwa kazi yake, ngozi ya mafuta inatulia na nywele zinapata uhai. Ukiusubiri ukutendee miujiza utapoteza pesa, na pengine ngozi ya juu pia.

UDONGO UPI

Hapa mjini utakutana zaidi na aina tatu.

Bentonaiti ni wa kijivu au wa rangi ya krimu. Asili yake ni majivu ya volkano, na jina limetokana na Fort Benton kule Marekani. Ukikutana na maji unavimba. Ndio wenye nguvu kuliko wote wa kunyonya mafuta, na ndio unaowaunguza wengi kwa sababu una alkali nyingi kuliko ngozi ya mtu inavyopenda. Unafaa ngozi ya mafuta, na nywele.

Kaolini ni mweupe, laini kama poda ya mtoto. Jina limetoka Gaoling, Uchina, na ndio huo huo unaofinyangiwa vyombo vya kaure. Hauvimbi, haukaushi sana. Kama ngozi yako ni kavu, au ni ile ya kuvimba kila ukibadilisha sabuni, anza na huu.

Multani mitti una rangi ya chai ya maziwa, na umeitwa kwa jina la mji wa Multan, Pakistan. Nguvu yake iko katikati ya hao wawili. Utaupata kwenye maduka ya Wahindi Ngara na Parklands, kwenye rafu moja na hina na unga wa dengu. Mimi ndio nilioanza nao na sijauacha.

Upo pia ghassoul wa Moroko, wa kahawia, mzuri sana kwa nywele. Ukiuona kwa bei inayovumilika, chukua. Usipouona, usihangaike nao.

Sasa odowa. Yale mawe laini ya Gikomba na Muthurwa, ambayo wajawazito hutafuna, si ya kupakwa. Hayajachekechwa, yana chenga za mchanga zinazokwaruza uso kama msasa, na yameshikwa na mikono isiyohesabika. Wala kuyala sikushauri. Udongo unaoliwa unaweza kuwa na madini ya risasi na mayai ya minyoo, na tumboni unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, wakati mama mjamzito ndiye anayeyahitaji kuliko mtu yeyote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Kama hamu ya udongo imekushika, mwambie muuguzi pale kliniki, usione haya. Mara nyingi hamu hiyo inakwenda pamoja na upungufu wa damu, na damu inapimwa. Hata bentonaiti safi wa dukani, mwongozo huu ni wa ngozi na nywele peke yake. Wako wanaoukoroga kwenye glasi wakanywa "kusafisha tumbo." Udongo ule ule unaonyonya mafuta usoni unaweza kunyonya dawa zako kabla hazijafanya kazi.

Unaponunua, soma pakiti. Iwe imeandikwa aina ya udongo, aliyeufunga, na tarehe. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Chini yake kuna namba ya kibali. Andika SM, kisha alama ya reli (#), kisha namba yenyewe, tuma kwa 20023, na utajibiwa kama kibali ni cha kweli. Usidhani ni ushamba kukagua hivi. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu waache kutumia udongo wa bentonaiti wa kampuni mbili baada ya vipimo kuonyesha una risasi nyingi. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa "bentonaiti" kwenye kimfuko kisicho na jina, duka moja la vipodozi katikati ya mji. Nilipoutia maji haukuvimba hata kidogo, ukakaa chini ya kikombe kama saruji. Mpaka leo sijui nilinunua nini.

NANI ASIJIPAKE

Mwenye kidonda kibichi, mchubuko, au mahali palipoungua. Udongo una vijidudu, na vile vya pepopunda hukaa udongoni hasa. Kwa hiyo pia kitovu cha mtoto mchanga kisiguswe na udongo wa aina yoyote, hata bibi akisema ndivyo walivyofanya siku zote.

Mwenye chunusi zenye usaha, pumu ya ngozi iliyochachamaa, au anayetumia dawa ya chunusi inayobandua ngozi. Amuulize daktari wa ngozi kwanza. Anayejichubua kwa krimu naye asitumie. Ngozi yake imeshakonda, itawaka.

Aliyetoka kunyoa, awe mwanamume ndevu au mwanamke kwapa, asubiri kesho.

Na yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayejaa msimu wa mvua, ambaye dunia nzima humwita Nairobi fly: akikupitia ngozini, usimkandamize na usipake udongo. Hang'ati. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inamwagika unapomponda. Mpulize aende zake, osha mahali pale kwa sabuni na maji, osha na mikono kabla hujajigusa macho. Malengelenge huchelewa kujitokeza, hata siku nzima, ndiyo maana watu hudhani udongo waliopaka jioni ndio uliowaunguza.

VITU VYA KUANDAA

Hivi viwe mezani kabla hujafungua pakiti, kwa sababu ukishakuwa na matope mkononi hutafungua kabati:

- udongo, kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa uso, nusu kikombe kwa nywele
- bakuli la kioo, la udongo au la plastiki, na kijiko cha mti
- siki, ikiwa unatumia bentonaiti (ya tufaha ni nzuri, lakini hata siki nyeupe ya chipsi inafaa, mradi chupa iseme asidi ni asilimia 5)
- maji safi ya vuguvugu
- taulo ndogo ya zamani, maana itabaki na doa
- beseni na kikombe cha kuchotea
- chupa ya kupulizia maji
- mafuta au losheni yako ya kawaida
- barakoa, kama zile tulizobaki nazo baada ya korona

Mbona barakoa? Unga wa udongo ni mwepesi, unapaa, na unaweza kuwa na vumbi la silika ambalo si rafiki wa mapafu. Ukiumimina polepole karibu na bakuli vumbi halitakuwa jingi, lakini mwenye pumu asibahatishe.

Kuhusu kijiko cha chuma, utasikia kwamba udongo ukigusana na chuma "unakufa." Kukoroga dakika moja kwa kijiko cha chuma hakuui kitu. Ila mchanganyiko wenye siki usiuache ndani ya sufuria, kwa sababu siki hula alumini. Basi hapo ndipo hadithi inapoishia.

MAJARIBIO YA NGOZI

Usiruke hapa. Koroga kijiko kimoja cha chai cha udongo na maji, paka ndani ya kiwiko, acha dakika kumi, osha. Subiri mpaka kesho saa ileile. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, huo udongo si wako. Wekundu kidogo unaopotea ndani ya nusu saa ni wa kawaida kwa bentonaiti. Damu imekimbilia hapo tu.

USO: HATUA KWA HATUA

Fanya jioni, siku ambayo huna pa kwenda. Usijaribu kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia harusi. Nilifanya hivyo, na picha za ndugu zangu zote zina mtu mmoja mwenye mashavu ya kung'aa kama taa ya breki ya matatu.

1. Funga nywele, vaa fulana ya zamani. Osha uso kwa sabuni yako ya siku zote, uache ukiwa na unyevu. Ngozi kavu kabisa hunyonywa maji na udongo papo hapo.

2. Mimina maji kwanza, udongo baadaye. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukitia udongo kwanza kisha maji juu, unapata madonge yenye unga mkavu ndani, kama ugali uliopikwa na mtoto wa darasa la nne. Weka vijiko viwili vya maji kwenye bakuli, nyunyizia kijiko kimoja cha bentonaiti juu yake, halafu usiguse. Utauona unazama polepole, kingo zikigeuka nyeusi, na maji yakipotea kama yamenywewa. Mpe dakika tano. Kisha koroga.

3. Kwa bentonaiti tu, ongeza kijiko kimoja cha chai cha siki. Ukiona mapovu madogo na kusikia mvumo kidogo, usishtuke, ni alkali na asidi vinakutana. Siki ndiyo inayoteremsha ukali wa udongo uwe karibu na ngozi. Kaolini na Multani mitti hauhitaji siki. Maji yanatosha, au maji ya waridi ukipenda kunukia kama mtu wa Mombasa.

4. Ongeza maji au udongo kidogo kidogo mpaka uwe mzito kama maziwa lala. Ukiinua kijiko, udongo uteremke kwa kusita. Ukitiririka, utakuingia machoni. Ukisimama wima, ni mzito mno na utakauka kwa kasi.

5. Paka kwa vidole au brashi, tabaka jembamba lisiloonyesha ngozi, kuanzia kidevu kwenda juu. Ruka macho, midomo na nyusi. Kope za chini zina ngozi nyembamba kuliko karatasi ya msahafu, usizikaribie.

6. Subiri, lakini usisubiri ukauke. Ningekuwa na nafasi ya kusisitiza jambo moja tu katika mwongozo huu, lingekuwa hili. Udongo hupita hali tatu. Mwanzo umelowa, unang'aa, uso unahisi baridi. Kisha kingo za pua na paji la uso zinabadilika rangi, zinapauka, lakini katikati ya shavu bado kuna unyevu ukigusa. Huo ndio wakati wa kuuosha. Mwisho unakuwa mweupe wote, unapasuka ukitabasamu, na uso unavutwa kama ngoma. Wengi hudhani hapo ndipo unafanya kazi zaidi. Kumbe kazi ilishaisha, na sasa udongo unachota maji ya ngozi yako mwenyewe.

Kwa bentonaiti, mara ya kwanza usizidishe dakika nane. Kaolini na Multani mitti, kumi hadi kumi na mbili. Januari na Februari, jua la Nairobi likiwa kali na hewa kavu, hukauka haraka zaidi kuliko Julai yenye ukungu. Usitegemee saa peke yake, gusa. Ukiona unakimbia kukauka, pulizia maji.

7. Usibandue wala kusugua. Lowesha taulo kwa maji ya vuguvugu, ikandamize usoni, hesabu hadi ishirini, udongo ulainike. Kisha futa kwa upole kutoka juu kwenda chini. Suuza taulo ndani ya beseni, si kwenye sinki, na nitakueleza sababu baadaye.

8. Suuza kwa maji safi mpaka mkono usihisi unga. Angalia kwenye mstari wa nywele na chini ya kidevu; huko ndiko unakojificha, na kesho mtu ataukuta kwenye mkutano.

9. Paka losheni au mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Usipofanya hivyo ngozi itabaki kavu na kukuvuta, na utalalamika ni udongo.

Mara ngapi? Ngozi ya mafuta mara moja kwa wiki. Ngozi ya kawaida mara moja kwa wiki mbili. Ngozi kavu, kaolini pekee, labda mara moja kwa mwezi. Anayejipaka kila siku ananifundisha uvumilivu.

Vitu vya kutotia ndani: ndimu na limau, kwa sababu asidi yake ni kali na ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa na jua inaweza kuungua ikaacha madoa meusi, magadi ya kuokea, kwani udongo tayari una alkali, na dawa ya meno, ambayo sijui ni nani aliyeianzisha. Asali kijiko kimoja cha chai ni sawa. Mtindi pia ni sawa.

NYWELE

Udongo kwenye nywele za kwetu, zile zilizojikunja hasa, hufanya kazi ambayo shampuu nyingi haziwezi: unatoa mabaki ya jeli na mafuta mazito bila kuziacha zikilia kama ufagio. Mimi huutumia baada ya kufumua misuko ya wiki sita. Una dosari moja: unakula maji. Kwa nywele za kufika mabegani tenga lita kumi na tano au ishirini za kusuuzia. Kwetu maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki, basi siku ya udongo naipanga na siku ya maji, na mtungi mmoja hukaa pembeni kwa dharura.

Ukiwa na rasta, samahani, huu si wako. Udongo huingia katikati ya nywele zilizofungamana ukakaa humo, na utautoa vumbi miezi mingi. Vivyo hivyo usipake juu ya misuko.

1. Fumua, chanua kwa vidole, gawa mafungu manne au sita, ubane kila fungu.

2. Mimina kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu kwenye bakuli, nyunyizia nusu kikombe cha bentonaiti, subiri dakika kumi. Ongeza robo kikombe cha siki na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi au ya zeituni. Koroga mpaka madonge yaishe. Ukiwa na blenda ya zamani, itumie; ya jikoni usiiguse, mwenye nyumba yako atajua.

3. Lowesha nywele kabisa. Paka fungu moja moja, kutoka ncha kwenda juu, ukipitisha vidole. Utazisikia zikianza kuteleza na mafundo yakijifungua yenyewe. Kwenye ngozi ya kichwa paka kidogo, usisugue kwa kucha.

4. Funika kwa kofia ya plastiki ya kuogea. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ule ujanja wa zamani wa kuvaa mfuko kichwani umeshakwisha. Kofia haina bei. Dakika kumi na tano, zisizidi ishirini. Usiruhusu nywele zikauke na udongo, zitakatika ukizigusa.

5. Suuza ukiwa umeinama juu ya beseni kubwa au karai. Maji ya kwanza yatatoka kama uji, ya tatu kama chai, ya tano yawe safi. Usiache mpaka maji yawe safi. Unga ukibaki kichwani utaonekana kama mba, na watu watakushauri dawa ya mba.

6. Paka kondishena, chanua, suuza, paka mafuta. Mara moja kwa mwezi inatosha.

KWAPA, MIGUU NA KUUMWA NA MBU

Kwapa linalonuka hata baada ya kuoga hupata nafuu kwa kaolini dakika tano, mara moja kwa wiki. Nyayo zilizochoka kwa viatu vya mchana kutwa, paka Multani mitti mzito, vaa soksi za zamani dakika kumi, osha. Zikiwa na mipasuko inayotoa damu, usipake.

Kuumwa na mbu au siafu, tone la kaolini na maji baridi hutuliza mwasho. Lakini ukiwa karibu na duka la dawa, ile losheni ya waridi ya calamine ni rahisi zaidi. Na jambo lililonifurahisha nilipoisoma, ile iliyotengenezwa kwa kanuni ya Uingereza ina bentonaiti ndani yake, ya kuizuia isitengane. Umekuwa ukijipaka udongo tangu utotoni bila kujua.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Uso umekuwa mwekundu na unachoma. Osha kwa maji baridi, paka losheni isiyo na manukato, usipake kingine usiku huo. Wekundu ukipungua ndani ya saa moja, mara ya pili tumia kaolini au punguza muda. Ukizidi, ukivimba, au macho yakavimba, nenda hospitali, usisubiri kesho.

Uso umejaa vipele siku ya pili. Wauzaji husema "ngozi inajisafisha, endelea." Mimi sisemi hivyo. Acha wiki mbili. Vipele vikirudi ukijaribu tena, udongo huo haukupendi na hakuna haja ya kubembelezana.

Umeingia machoni. Usifikiche. Mwaga maji safi jichoni yakitiririka mpaka uhisi hakuna chenga. Maumivu yakibaki, daktari.

Madonge hayaishi. Yaache dakika kumi zaidi, kisha yapitishe kwenye chujio la chai. Mara nyingine tia maji kwanza.

Udongo ulioukoroga umebaki. Tupa. Ukishalowa unaweza kuota ukungu na vijidudu kama chakula kingine chochote. Koroga wa siku hiyo tu. Unga mkavu ufunge vizuri mbali na unyevu wa bafu, utadumu.

Nywele zimekuwa ngumu kama katani. Siki ilikuwa kidogo, au uliziacha zikakauka. Changanya kijiko kimoja cha siki kwa lita moja ya maji, suuzia mara ya mwisho, kisha kondishena.

Sinki imeziba. Haya, sasa nieleze. Mwaka wangu wa kwanza kwenye nyumba ya kupanga nilikuwa naosha kila kitu sinkini. Udongo unakwenda chini kama maji, unafika kwenye kona ya bomba, unatulia, na bentonaiti, kwa kuwa tabia yake ni kuvimba, unakuwa gundi. Jumamosi moja maji yalianza kurudi juu, si kwangu tu, na kwa jirani wa chini pia, akiwa na wageni. Fundi alipofungua bomba akatoa kitu kama sabuni ya kijivu, akanitazama, akauliza, "Dada, huku unafinyanga vyungu?" Nilimlipa yeye, nikamlipa jirani zulia lake.

Ikishaziba usimwage maji ya moto ukitumaini udongo utayeyuka, hauyeyuki. Fungua ile sehemu ya chini ya sinki iliyopinda, weka ndoo, utoe kwa mkono. Kama huwezi, ita fundi mapema kabla jirani hajagonga mlango.

Tangu hapo nafanya hivi: maji yote ya kusuuzia yanabaki kwenye beseni, naliacha usiku kucha kwenye baraza. Asubuhi udongo umetuama chini na maji ya juu ni karibu meupe. Hayo nayamwaga chooni polepole. Matope yaliyobaki nayakwangua kwa kijiko cha mti kwenye gazeti la jana, nalikunja, linakwenda na takataka za Jumatano.